Jinamizi linalorudi kila usiku: tafuta chanzo kabla ya kumtafuta mchawi

Mwaka wangu wa pili kazini, bibi mmoja wa mtaani kwetu alitolewa nje na wanawe wa kuwazaa kwa sababu ya ndoto. Mke wa mwanawe wa kwanza alikuwa akimwona usiku baada ya usiku: bibi amemkalia kifuani, anamkaba koo, na yeye akitaka kupiga kelele sauti haitoki. Walikwenda kwa mganga, na mganga akawathibitishia kile kile walichokwenda nacho. Nilimkuta bibi amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, kanga zake zimefungwa kwenye shuka, sufuria mbili pembeni, na mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Yule mkwe hakuwa mwongo. Alichokiona alikiona kweli. Ila hakuna aliyemuuliza swali ambalo siku hizi namuuliza kila anayenijia na habari za ndoto: inakuja saa ngapi?

Mimi ni muuguzi hapa Kigoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa zamu za usiku. Nimewaona watu wengi wakilala, wakishtuka, wakilia usingizini. Mimi mwenyewe niliota ndoto moja kwa miaka sita, na nitaieleza mbele. Ninachotaka uelewe ni kwamba ndoto inayojirudia ina chanzo, na chanzo hicho mara nyingi kinajulikana kwa kufuatilia dalili, kama fundi anavyofuatilia waya kujua umekatikia wapi. Ndoto si ushahidi dhidi ya mtu yeyote.

Anza na saa

Usingizi haufanani tangu jioni hadi alfajiri. Unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Mwanzoni mwa usiku usingizi mzito ndio unaotawala, ule ambao hata paka akiangusha sufuria husikii. Kadiri usiku unavyosogea, usingizi wa ndoto unazidi kurefuka, na sehemu yake kubwa inaangukia theluthi ya mwisho. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba katika kipindi hiki macho ya mtu aliyelala huchezacheza haraka chini ya kope. Ukimtazama mtoto wako saa kumi alfajiri utayaona kwa macho yako.

Kwa hiyo, kwa mtu anayelala saa nne usiku, ndoto mbaya ya kawaida huja kuanzia saa nane au saa tisa hadi karibu na kuamka, na akishtuka anaikumbuka na anaweza kuisimulia. Kelele za kabla ya saa saba ni jambo jingine, lina chanzo kingine na tiba nyingine.

Tafuta daftari. Mimi huwaambia watu wafunge peni kwa uzi kwenye mguu wa kitanda, maana peni ya nyumba yenye watoto haikai. Kwa siku 14 andika saa uliyolala, saa uliyoshtuka, ulilala chali au ubavu, ulikunywa nini jioni, ulimeza dawa gani, na siku ilikuwaje. Kama una mwenzi, naye aandike anachokiona yeye, kwa sababu mambo mengine yanamtokea aliyelala na anayeyajua ni aliye macho. Ndoto yenyewe iandike kwa mistari miwili tu. Ukiiandika yote usiku huo huo utakuwa unaifufua, na kulala tena itakuwa shida.

Anapiga kelele usiku bado mchanga, asubuhi hakumbuki kitu

Huku ni kuweweseka. Wengi ni watoto wa shule ya awali na ya msingi. Mtoto anakaa kitandani ghafla, macho wazi, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, analia au anakimbilia mlangoni, na ukimwita ni kama hakujui. Dakika chache baadaye anajilaza na kuendelea. Asubuhi ukimuuliza anakushangaa wewe.

Ametoka nusu tu kwenye usingizi mzito. Mwili umeamka, akili bado. Usimtikise wala kummwagia maji, kwa kuwa hilo humuongezea hofu. Kaa karibu, mzuie asijigonge, ongea naye taratibu, ondoa jembe na kisu njiani. Vinavyolichochea ni uchovu, kulala kwa saa zisizo na mpango, na homa. Kama linatokea karibu saa ile ile kila usiku, mwamshe kidogo kama robo saa kabla, kisha mwache alale tena. Fanya hivyo kwa wiki mbili au tatu. Wengi huliacha wakikua.

Hapa lazima niseme kwa herufi nzito: kuweweseka si degedege. Mtoto wa degedege anakakamaa, mikono na miguu inajirusha kwa mpigo mmoja, macho yanageuka, povu linaweza kumtoka, na mara nyingi mwili unachoma kwa homa. Kigoma na Tabora ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, na degedege la mtoto mwenye homa linaweza kuwa malaria kali imefika kichwani. Usimfukize, usimchanje, usingoje kuche. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mpeleke hospitali usiku huo huo hata kwa kubebwa kwenye bodaboda. Nimepokea watoto waliocheleweshwa kwa sababu ndugu walikuwa wanabishana ni jini gani.

Na mtu mzima, hasa mzee wa kiume, anayerusha ngumi na mateke alfajiri, na akiamshwa anasema alikuwa anapigana na mtu ndotoni, apelekwe kwa daktari. Kwake yeye ile breki inayozuia mwili usitende ndoto imelegea. Kwa baadhi ya watu hiyo huwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson.

Umeamka, macho yanaona, mwili unakataa

Hili ndilo jinamizi lenyewe, na ndilo lililomfukuzisha yule bibi.

Wakati wa usingizi wa ndoto, ubongo unazima misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili ili usije ukakimbia kweli pale unapoota unakimbia. Ubongo haugusi misuli ya macho, na kiwambo kilicho chini ya mapafu kinaendelea kuvuta pumzi. Mara nyingine akili inaamka kabla swichi ile haijarudishwa. Unaona paa, unaona chandarua, unasikia mtu anafagia uani, lakini kidole hakisogei. Misuli ya kifua imelegea, basi unahisi umewekewa gunia la mahindi. Na kwa kuwa ndoto bado haijaisha, inaingia chumbani mle ulimo: kivuli mlangoni, uzito wa mtu, pumzi shingoni. Akili yenye hofu inakipa kile kivuli sura inayoifahamu. Mkwe aliyekuwa hana maelewano na mama wa mumewe akaona sura ya mama wa mumewe.

Linachukua sekunde chache hadi dakika moja au mbili, na halijamziba mtu pumzi hata akafa. Linawapata zaidi wenye usingizi uliokatikakatika, wanaobadilisha zamu, wenye wasiwasi, na wanaolala chali. Yule mama alikuwa na mtoto wa wiki tano. Alikuwa anaamka mara nne kunyonyesha, na alilala chali ili mtoto asibanwe. Chanzo kilikuwa wazi mbele ya macho yetu sote, na mimi nilikuwa mgeni kazini, sikulisema kwa sauti ya kusikika. Bibi alikwenda kwa kaka yake Kasulu na hakurudi. Hilo ndilo linanifanya niandike haya.

Likikushika, usipambane nalo kwa nguvu. Fuata pumzi yako inavyoingia na kutoka, maana hiyo ipo. Kisha jaribu kusogeza kitu kidogo sana: ncha ya ulimi, kidole gumba cha mguu. Kikishasogea kimoja, mwili wote unafunguka. Inuka, nawa uso, kaa dakika tano, ndipo ulale tena, ubavu. Ukirudi kulala mara moja ukiwa bado una mang'amung'amu, linaweza kurudi. Kama unalala chali bila kujua, shona mfuko mgongoni mwa fulana kuukuu na utie kitambaa kilichokunjwa. Na mwenye mtoto mchanga asaidiwe na watu wa nyumbani. Saa nne za usingizi usiokatizwa zinamfaa kuliko hirizi yoyote.

Zimekuja na dawa, au zimekuja na chupa

Angalia daftari: ndoto zilianza wiki ile ile ulipoanzishiwa dawa au kubadilishiwa? Dawa ya presha na mapigo ya moyo iitwayo propranolol inajulikana kwa kuleta ndoto kali. Baadhi ya dawa za sonona pia, hasa ukianza au ukiacha ghafla. Wasafiri waliowahi kumeza mefloquine kama kinga ya malaria wanazijua ndoto zake.

Kwa wanaotumia dawa za kufubaza VVU, mjue kwamba efavirenz, iliyokuwemo kwenye kidonge kilichotumika kwa miaka mingi hapa nchini, ilikuwa maarufu kwa ndoto zilizo wazi kama mchana, hasa wiki za kwanza. Wengi sasa wako kwenye kidonge chenye dolutegravir, nacho kinaweza kuvuruga usingizi wa baadhi ya watu. Mara nyingi suluhisho ni kumeza asubuhi badala ya usiku. Lakini muulize kwanza mtoa huduma wa kliniki yako. Usiache dawa kwa sababu ya ndoto. Niliwahi kumuuguza kijana aliyeziacha kimyakimya kwa kuwa aliona aibu kusema anaota vibaya, na alirudi kwetu akiwa amebebwa. Hakuna muuguzi mwenye akili timamu atakayekucheka.

Pombe inadanganya zaidi ya vyote. Chupa ya gongo au bia tatu zinakulaza haraka, na nusu ya kwanza ya usiku zinakandamiza usingizi wa ndoto. Pombe ikishaisha mwilini, karibu saa tisa, deni lote linadaiwa kwa mkupuo. Anayekunywa ili asiote ndiye anayeota vibaya kuliko wote. Naye aliyekunywa sana kwa miaka akiacha ghafla, ndoto zake za siku za kwanza huwa za kutisha. Kama anatetemeka, anatokwa jasho na anaona vitu akiwa macho, hiyo ni dharura ya hospitali. Kahawa haileti ndoto, ila ile chungu ya barazani ya saa mbili usiku, vikombe vitano kwa kashata, inakufanya ushtuke mara nyingi, na kila unaposhtuka katikati ya ndoto ndipo unapoikumbuka.

Homa, na kukoroma

Ndoto zilizoanza jana na mwili una joto: kapime malaria. Homa peke yake inatosha kuleta ndoto za kuta zinazosogea na watu wasio na nyuso.

Ndoto za kuzama au kufukiwa, mwenzio analalamika kwamba unakoroma kisha unanyamaza kabisa halafu unashtuka kama mtu aliyetolewa majini, na mchana unasinzia hata ukiwa kwenye daladala: koo linajiziba usingizini, na mwili unakuita uamke uvute hewa. Lala ubavu, punguza uzito, acha pombe ya jioni, na umueleze daktari hasa kile kipindi cha kunyamaza.

Kaka zangu wa ziwani

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga huniambia jambo moja kila mwezi: "Dada, ndoto zinanijia wakati wa mbalamwezi." Wengine wanaamini mwezi una kitu. Tazama kazi yenyewe. Siku za giza wanatoka jioni na taa, wanarudi alfajiri, wanalala mchana chini ya bati la moto, watoto wanacheza mlangoni. Usingizi wanaopata ni mfupi na umekatikakatika. Mbalamwezi ikija dagaa hawavutwi vizuri na taa, mitumbwi inapumzishwa, na mwili unapata usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili au zaidi. Unalipa deni, na usingizi wa ndoto unakuja mapema na kwa wingi. Jitahidini siku za giza mlale mchana kwa saa ile ile, dirisha limezibwa kwa turubai au kanga nzito, na mtu wa nyumbani alinde utulivu ule kama anavyolinda dagaa mwambani mvua isiwakute.

Ndoto ile ile, tukio lile lile

Nilikuwa na miaka 19. Tulikuwa tunatoka vijiji vya kusini mwa ziwa kuja mjini kwa boti ya abiria, usiku, imesheheni magunia ya mihogo na madumu ya mawese. Upepo ukachachamaa. Boti ilijaa maji upande mmoja na sikukumbuka kuruka, nilijikuta tu majini nimekumbatia dumu tupu la lita ishirini, la njano, linateleza kwa mafuta. Mkono mdogo ulishika kanga yangu kwa nyuma. Ulishika, kisha ukaachia.

Kwa miaka sita niliuota ule mkono. Sio boti, sio mawimbi. Mkono, na kanga ikilegea. Nilikuwa nashtuka saa kumi na kulala tena sikuweza. Sikupita ufukweni kama nilikuwa na njia nyingine. Dumu la njano likiwa mlangoni kwa mtu, moyo ulinidunda.

Hayo yote kwa pamoja, yaani ndoto inayorudia tukio lenyewe, kukwepa mahali na vitu vyake, kushtuka kwa kitu kidogo, na kumbukumbu kukuvamia mchana, yakiendelea zaidi ya mwezi, ni kiwewe, na ni ugonjwa unaotibika. Mkoa wetu unakijua vizuri. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na wengi waliopita Nyarugusu na Nduta walikuja na usiku wa namna hii. Wapo pia waliobakwa, waliopata ajali barabarani, akina mama waliopoteza watoto leba.

Mwenzangu wa kazi aliyesomea afya ya akili alinifundisha njia ambayo nimewafundisha wengi tangu hapo. Unafanya mchana, ukiwa umekaa na umetulia. Unaandika ndoto yako kwa kifupi. Kisha unaibadilisha, popote unapotaka na vyovyote unavyotaka, hata kwa jambo lisilowezekana. Unaandika ndoto mpya. Halafu kila siku, dakika kumi hadi ishirini, unafumba macho na kuipitia ile mpya peke yake, taratibu, pamoja na rangi zake na sauti zake. Ya zamani huirudii tena. Kama ndoto zako ni nyingi, anza na nyepesi, usianze na ile nzito kuliko zote. Barry Krakow na wenzake huko Marekani walichapisha mwaka 2001 matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake 168 walionusurika ukatili wa kingono. Waliofundishwa njia hii ndoto zao zilipungua na usingizi ukawa bora.

Katika ndoto yangu mpya mkono unashika kanga. Mimi nageuka. Namfunga yule mtoto kwa ile kanga kwenye mpini wa dumu, fundo la kubebea mtoto mgongoni, naliona fundo lenyewe. Tunapiga miguu pamoja. Mbele yetu taa za wavuvi zinageuka moja baada ya nyingine na kuja upande wetu.

Sikujidanganya kuhusu kilichotokea. Yule mtoto hakupatikana, na sikuwahi kujua ni wa nani. Lakini wiki ya tatu ya kulipitia lile fundo, nililala hadi adhana ikanikuta kitandani. Ndoto ya zamani ilirudi mara chache mwaka ule, kila mara fupi zaidi.

Kama tukio lako ni la juzi, au ukijaribu unahisi unazama zaidi, simama. Fanya na mtu aliyefunzwa.

Mtoto anayekuja kitandani kwako

Ndoto mbaya kwa watoto wadogo ni za kawaida. Msikilize, mrudishe kulala, na mchana mwambie achore lile dudu kisha alichoree mwisho anaoutaka yeye. Zuia sinema za kutisha usiku. Lakini mtoto aliyekuwa analala vizuri akaanza ghafla kuota vibaya, kukojoa kitandani na kumuogopa mtu fulani au njia fulani ya kwenda shule, usimchape. Muulize kwa upole, na ukishuku amefanyiwa kitu, piga 116, namba ya kusaidia watoto, haitozi.

Dua, na waganga

Soma Ayatul Kursiyyu kabla ya kulala, au sali kama unavyosali kanisani kwako. Moyo uliotulia unalala vizuri, nami nafanya hivyo kila usiku. Ninachopinga ni kumtaja mtu. Mganga akikuambia nani anakutumia ndoto, ondoka hapo, kwa maana katika mikoa yetu ya magharibi wazee wameuawa kwa maneno yaliyoanza namna hiyo.

Ukifika kwa daktari

Nenda kama ndoto zinakuja kila wiki kwa zaidi ya mwezi, kama unaogopa kulala, au kama mchana huwezi kazi. Nenda leo, na usiende peke yako, kama umeanza kufikiri bora ufe.

Watu wengi wakifika wanasema tu "silali vizuri," na wanatoka na vidonge vya usingizi ambavyo havigusi chanzo. Usiseme hivyo. Fungua daftari na useme: "Nashtuka kati ya saa tisa na saa kumi, mara nne kwa wiki, tangu mwezi wa sita. Ndoto ni ile ile. Dawa ninazotumia ni hizi. Nakoroma, au sikoromi. Yaliyonipata kabla ya hapo ni haya." Kama hilo la mwisho ni gumu kulitamka, liandike, umkabidhi daftari alisome mwenyewe.